Kinyonga wa Mndimu

Mwanangu wa kwanza alizikwa nyuma ya ghala la mahindi kabla hajafikisha mwaka. Tangu siku hiyo mama mkwe wangu hakuniita tena kwa jina lolote. Zamani aliniita mama wa fulani, kwa jina la mtoto, na mtoto alipokwenda alikwenda nalo. Akitaka chumvi alisema tu, "Wewe, leta chumvi." Mume wangu alikuwa kazini Mombasa na alirudi pale tu alipopata ruhusa. Tulibaki wawili katika boma moja huko upande wa Kathonzweni, tukila bila kusemezana, na nilifika mahali nikawa naongea na mbuzi.

Kinyonga nilimpata tukivuna mbaazi. Wenzangu walitupa vikapu wakatimua mbio huku wakipiga kelele. Mimi nilikuwa nimechoka hata kuogopa. Nikakata tawi alilolishika, nikampeleka nyumbani, nikamweka kwenye mndimu uliokuwa kando ya jikoni.

Mama mkwe alimwona akiwa mbali na hakusogea. "Kimbu? Umeleta kimbu kwa boma yangu?"

Sisi Wakamba tulikua tukiambiwa kwamba Mungu alimtuma kimbu, yaani kinyonga, awaarifu watu kuwa wakifa watafufuka. Akaenda kwa mwendo wake ule wa kusitasita, ndege akamtangulia na habari nyingine, na ndiyo maana tunakufa na kwenda moja kwa moja. Mama mkwe hakukosa kanisa hata Jumapili moja, lakini hadithi hiyo hakuiacha. Nami wakati huo nilikuwa mwepesi wa hasira. Nilimjibu kwamba huyu angalau alibeba habari njema, wengine hapa hawaniletei habari yoyote. Usiku huo hakula.

Kumtunza kinyonga nilijifunza kwa kukosea. Mwanzoni nilimwekea maji kwenye kifuniko, naye akayapita kama hayaoni. Macho yakaanza kudidimia, ngozi ikakunjamana. Kisha siku moja nilikuwa nanawa mikono, matone yakarukia majani, nikamwona akiyalamba. Kumbe anataka maji yaning'inie kama umande. Nikawa nachovya kitawi kwenye kibuyu na kumnyunyizia mndimu wake asubuhi na jioni. Mama mkwe aliuambia ukuta, "Watu wanachimba maji kwa mchanga ya mto, na mwingine ananyeshea mdudu."

Nilimkamatia panzi wadogo wa kijani, maana mkubwa humkwama kooni. Wale wa rangirangi wanaonuka niliwaacha, na viwavi wenye manyoya pia. Nzi aliwapata mwenyewe kwa sababu zizi lilikuwa karibu. Kumbikumbi walipotoka baada ya mvua alikula mpaka akanenepa mkia. Asubuhi alikuwa mweusi kwa baridi, akageuza ubavu kwenye jua, na polepole akarudi kijani. Nilikuwa nakaa hapo kumtazama akibadilika, na kwa muda ule sikumfikiria mtoto. Sijui kama hilo ni jambo la kujivunia.

Sikutambua ni lini mama mkwe alianza kumtazama. Niliona tu kwamba kigoda chake kilichokuwa kikielekea barabarani sasa kimeelekea mndimu. Siku moja aliuliza, tena aliniuliza mimi na si ukuta, "Huyo hulala saa ngapi?"

Kisha nikarudi kutoka mtoni jioni moja nikamkuta amesimama chini ya mndimu kabisa, na mkebe mkononi. Alikuwa anacheka. Tangu mazishi sikuwa nimeyaona meno yake.

"Amekula mbili! Nimeona ulimi yake ikitoka hivi! Kuja uone, mwiitu wakwa."

Binti yangu, ndivyo alivyoniita. Nilitua mtungi polepole nisije nikaumwaga kwa furaha.

Halafu nikachungulia mkebe. Panzi walikuwa wamelala ubavu, miguu tu ndiyo ilikuwa ikichezacheza. Harufu niliijua. Wiki ile jirani yetu alikuwa amepita na bomba mgongoni akinyunyizia pamba dawa ya wadudu, na mwanamke wa umri wake, mwenye magoti mabovu, asingeweza kukamata panzi isipokuwa wale wasioweza kuruka tena. Hakujua. Yeye aliona tu kwamba leo panzi ni wapole.

Nilimwambia kinyonga ameshiba, tumwachie apumzike. Alipoingia ndani nilimnyunyizia kinyonga maji mdomoni, nikamfuta ulimi kwa kona ya leso. Alikuwa anafungua mdomo na kuufunga. Akawa mweusi, na jua lilikuwa bado lipo. Kisha vidole vikaachia tawi, kimoja baada ya kingine, na mimi nikakinga viganja chini yake. Nilimzika kabla ya giza, nikanawa, nikapika. Tulikula pamoja, na mama mkwe akazungumza chakula kizima. Alinisimulia utoto wake, na watoto wake wawili aliowazika akiwa na umri wangu, ambao hakuna mtu aliyewahi kunitajia. Nililia, naye akadhani nawalilia hao tu.

Asubuhi nilikuwa nafagia nikamwona anakuja kutoka upande wa pamba, anachechemea, kanga imelowa umande mpaka magotini, mkebe ameukumbatia kifuani.

"Leo nimepata mingi," alisema. "Ameamka?"

Nilitaka kumwambia ukweli. Nilitazama mikono yake iliyokwaruzwa na vikonyo vya pamba. Nikaupokea mkebe kwa mikono miwili.

"Ameamka, mama," nilisema. "Alikuwa anakungoja."