Kidole Kutoka Kulia

Harufu ya kwanza ya kitabu ninayoikumbuka ni ya karatasi iliyolowa mafuta ya mawese. Wenzangu wa rika moja husema walivijua vitabu kwa harufu ya wino na gundi. Mimi nilivijua kwa harufu ya mihogo ya kukaanga na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Mama alikuwa akikaanga mbele ya nyumba yetu mtaani Buyenzi, na jirani mmoja aliyefanya kazi ya uboyi kwa Wazungu kule Rohero alimletea magazeti ya zamani ya kufungia. Ndani ya magazeti hayo zilijichanganya kurasa za katuni zilizochanwa ovyo: ukurasa wa tano bila wa nne, mwanzo bila mwisho. Humo aliruka mtu mwenye joho la kijani na kitambaa cheusi machoni, aliyeinua gari kwa mkono mmoja na kupasua ukuta kwa bega. Dada yangu Zuhura, mwenye miaka kumi na mitatu na kazi ya kuwafungia wateja, aliziokoa kurasa hizo mojamoja kabla hazijaingia mafuta, akazificha chini ya mkeka wa Idi.

Idi alikuwa mdogo wetu wa mwisho. Alikuwa na miaka sita, na hakuweza kutembea mpaka bombani bila midomo yake kugeuka rangi ya zambarau. Daktari wa zahanati alimwambia Mama kwamba moyo wa mtoto huyu ulizaliwa na kasoro, na kwamba hapakuwa na dawa yake katika mji wetu. Nilikuwapo chumbani na niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Nayataja hapa kwa makusudi, kwa sababu baadaye yalisemwa mengine.

Kila siku baada ya alasiri, wateja wakipungua, Zuhura alinawa mikono, akakaa kando ya mkeka na kutusomea. Maandishi yalikuwa ya Kifaransa, na Zuhura hakuwahi kupelekwa shule; alichojifunza kusoma ni Kurani, chuoni kwa mwalimu wa mtaa. Sisi hatukujiuliza. Alikuwa akiweka kidole kwenye pembe ya juu ya kulia, akakisogeza taratibu kuelekea kushoto, na maneno yakatoka kwa Kiswahili chetu cha Buyenzi. Mimi nami nilikuwa nimepita chuo hichohicho, ndiyo maana macho yangu yalikifuata kidole kile bila kushtuka. Kinywani mwake yule shujaa aliitwa Bwana Joho, alivuka mto Ntahangwa kwa hatua moja, akaja kununua mihogo kwa Mama na kulalamika kwamba chumvi ni kidogo. "We Joho, joho lako litashika moto, usogee huko!" Zuhura alimkaripia kwa sauti ya Mama, na Idi alicheka mpaka tukamwomba anyamaze apumue.

Kulikuwa na ukurasa mmoja ambao Idi aliupenda kuliko yote. Ulikuwa na mstari wa picha tatu. Kulia, nyumba imebomoka, vumbi limetanda na mkono umetokeza chini ya mawe. Katikati, Bwana Joho anashuka kutoka juu, mikono ameitanua. Kushoto, nyumba imesimama imara, na mwanamke yuko mlangoni na mtoto wake. Zuhura alisimulia jinsi shujaa alivyovuta pumzi moja ndefu, na mawe yakarudi kila moja mahali pake, na mtoto akaamka akiuliza chakula kiko wapi. "Pumzi moja tu?" Idi aliuliza kila siku. "Moja tu. Lakini ndefu," Zuhura alijibu, naye Idi alijaribu kuvuta yake, polepole, akiwa ameweka kiganja kifuani.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kifaransa. Mwalimu wetu, mtu mkali niliyemwiga hadi katika kutembea, alitufundisha kwamba mwenye akili haamini alichoambiwa mpaka amekiona kimeandikwa. Nililipokea fundisho hilo kama nguo mpya, nikatafuta mahali pa kulivaa. Alasiri moja, katikati ya ule ukurasa wa nyumba, niliona kile ambacho ningepaswa kukiona tangu zamani.

"Da Zuhura, unasomea wapi?"

"Si ni hapa, huoni?"

"Kifaransa kinaanzia kushoto."

Hakuniangalia. "We acha maneno yako ya shule, Rama. Mutoto anasikiliza."

"Hujui kusoma. Unatudanganya."

Nilimpokonya karatasi. Nikasimama wima kama tulivyosimama mbele ya mwalimu, nikaweka kidole kushoto na kuwasomea jinsi ilivyopasa, nikitafsiri neno kwa neno bila kuongeza wala kupunguza. Nyumba imesimama, mwanamke na mtoto wako mlangoni. Shujaa anashuka mbio. Nyumba imebomoka. Juu ya lile vumbi palikuwa na maneno mawili tu ya Kifaransa, ya shujaa mwenyewe, nami niliyatafsiri kwa usahihi ambao ningeutetea hata leo mbele ya mtahini yeyote: "Nimechelewa."

Idi alinitazama. "Alichelewa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Sasa yule mutoto wa mulangoni?"

Niliutafuta ukurasa wote, mbele na nyuma. "Haikuandikwa," nilisema.

Idi aligeukia ukutani. Zuhura alinyoosha mkono. Aliichukua ile karatasi mkononi mwangu, akarudi kwenye kikaango, na mteja wa kwanza alipofika aliikunja na kumfungia mihogo. Nilibaki nikitazama joho la kijani likigeuka jeusi kwa mafuta.

Hakutusomea tena. Idi alipomwomba, alimjibu kwa upole: "Mwite Rama akusomee." Nami nilimsomea kurasa zilizobaki, kila siku, kwa usahihi, na yeye alinisikiliza kwa adabu, jinsi mtu anavyomsikiliza mgeni. Hakucheka. Hata kiganja hakukiweka tena kifuani. Alifariki kabla mvua za mwaka ule hazijakatika. Matangani wanawake wa mtaa walinong'ona kwamba picha zile zilikuwa na mashetani, na kwamba mtoto hulala vipi na mashetani chini ya mkeka akapona. Mama aliyekuwa amechoka kulia alizitia motoni zote. Nilisimama mbele ya wanawake wale nikawaeleza alichosema daktari. Mmoja wao aliniambia nikakae na wanaume. Tangu siku hiyo sijalikubali neno lolote linaloanza na "inasemekana", wala katika miaka yote niliyofundisha sikumruhusu mwanafunzi aliandike. Lakini lazima nitende haki kwa pande zote. Picha hazikumuua Idi, na mimi sikumuua Idi. Nilichomnyang'anya ni kitu kingine, na kwa hilo mashahidi tulikuwa watatu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu mwenye mvi za kwanza, nilimtembelea Zuhura nyumbani kwa mumewe huko Rumonge. Alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Niliongea habari nyingi zisizo na maana, kisha nikamuuliza lile lililonipeleka: hadithi ya Bwana Joho ingeishaje? Aliendelea kutoa vijiwe, kimoja, viwili, vitatu.

"We si ndo ulijuaka kusoma?" alisema.

Sauti yake haikuwa na hasira. Akanyanyuka akanitilia chai. Sikuuliza tena, na sasa siwezi kuuliza, kwa maana Zuhura naye tumeshamzika, na katika mashahidi watatu nimebaki mimi peke yangu.

Mwaka huu maktaba ndogo ya watoto hapa Gihosha, ninakoishi uzeeni, imeniomba niwachagulie vitabu vipya vya katuni za mashujaa vinavyowafaa wasomaji wadogo. Konsolata, mama kijana anayeiongoza, aliniletea katoni nzima. "Mzee, watu wanasema hizi bede za katuni zinaharibu watoto kichwa," alinionya.

"Watu gani? Ukurasa gani?"

Alicheka. "We Mzee unatisha kuliko hao wa kwenye picha!"

Nilivisoma vyote mpaka mwisho. Kimoja nilikikataa kwa sababu shujaa wake huwapiga wanyonge ili msomaji acheke. Kingine kwa damu isiyo na sababu. Nilikubali cha msichana anayeinua mitumbwi iliyozama, na nikaandika ukurasa mzima kueleza kwa nini. Kisha Konsolata akasogeza kimoja pembeni. "Hii walikosea kuichapa, inaanzia nyuma. Tuirudishe?"

Nilikifungua. Hapakuwa na kosa. Palikuwa na maelezo kwamba hadithi hii imetoka katika nchi ambako watu husoma kutoka kulia, na kwamba msomaji aanzie huko, picha kwa picha. Niliyasoma maelezo hayo mara mbili. Kisha nikaweka kidole kwenye pembe ya juu ya kulia, nikakisogeza. Katika ukurasa wa katikati palikuwa na nyumba iliyobomoka. Shujaa, kijana mwembamba mwenye uwezo wa kurudisha vilivyovunjika, alishuka mikono ameitanua. Kidole kilipofika ukingo wa kushoto, nyumba ilikuwa imesimama, na mlangoni kulikuwa na watu.

Watoto wa leo wana vitabu vizima, vyenye mwanzo na mwisho, na karatasi nyeupe isiyonuka chochote. Sisi tulikuwa na vipande vya kufungia mihogo, na aliyejua kuviunga nilimnyamazisha mimi. Nilijaza fomu ya maktaba: Kinafaa. Kwenye nafasi ya sababu niliandika neno moja. Konsolata aliichukua, akaigeuza kutafuta mengine.

"Hili tu, Mzee? 'Hachelewi'?"

"Hilo tu," nilimjibu, nikamwomba aniachie kitabu mpaka kesho.