Sauti ya Tarishi

Upumbavu wangu niutaje kwanza, nisije nikaupamba mbele ya safari: mwaka wa njaa, mimi ndiye niliyetangaza mahindi ambayo hayakuwapo.

Najua kuigiza sauti. Mwalimu mkuu namweza, na Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, namweza mpaka kikohozi chake. Lakini niliyempatia kabisa ni tarishi wa jumbe, mzee anayetangaza amri za serikali kwa kuongelea puani, kama mtu mwenye mafua ya kudumu. Jioni moja, jua linazama, nikajificha na rafiki yangu nyuma ya zizi letu. Zizi lilikuwa tupu. Ng'ombe wachache waliosalia baba alikuwa amewaswaga kwenda kuhemea, akawabadilishe kwa nafaka huko mbali, na hatukuwa na habari zake. Nikabana pua:

"Sikilizeni! Kesho asubuhi mahindi ya serikali yanashushwa stesheni! Kila kaya mtu mmoja na gunia lake!"

Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini. Siku hizo hata kucheka kulichosha. Tulishindia mlenda usio na ugali, na darasani madawati mawili yalikuwa wazi, ya wenzetu tuliowazika. Wasafiri wa treni walisema nchi nzima ina njaa. Sisi ya kwetu ilitutosha.

Nilidhani watu watatoka, watatutukana, basi. Hawakutoka. Waliamini.

Usiku haujawa mwingi, jirani yetu, mjane mwenye watoto wawili, akaingia kwenye tembe letu na bakuli la uji wa uwele. Mama akashtuka.

"Mwenzangu, uwele umeutoa wapi?"

"Nimefungua kibuyu cha mbegu, dada. Wanangu wamelala siku mbili bila kitu. Kesho si tunapata?"

Kibuyu cha mbegu kwetu huzibwa kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu, kikaning'inizwa juu ya meko kungoja mvua za kwanza. Hakiguswi. Watu wamekufa kikiwa kinaning'inia juu ya vichwa vyao.

Mjane akanigeukia. "Na wewe mchekeshaji, kunywa. Leo kimya hivyo, una nini?"

Hapo ndipo pa kusema. Nikanywa. Nikalamba na bakuli.

Kesho yake wakaenda stesheni, nami nikaenda nao kwa niaba ya kaya yetu. Treni ikasimama, ikashusha abiria, ikaondoka zake. Wakati wa kurudi walimkuta tarishi mwenyewe njiani, wakamzomea mpaka kofia ikamdondoka, mzee wa watu akiapa kwamba jana alikuwa kitandani na homa. Nami nilizomea, tena kwa sauti kuliko wote, nisije nikashukiwa. Mjane hakuzomea. Alipita na gunia lake alilolikunja kichwani.

Chakula cha serikali kilikuja wiki kadhaa baadaye, nacho kilikuwa unga. Unga haupandwi.

Kisha mvua ikanyesha. Kila kaya ikatoka na jembe na kibuyu. Mjane alitoka na jembe tu. Akachimba mashimo, mstari kwa mstari, shamba zima, halafu akaketi pembeni akiyatazama.

Nikarudi ndani mbio. Mama alikuwa ameshakishusha kibuyu chetu, anakibandua mfuniko.

"Mama, tarishi wa siku ile nilikuwa mimi."

Nikangoja kofi. Kusema kweli nililitaka. Mama hakunitazama hata. Akamimina mbegu zote kwenye ungo, akazigawa katikati kwa mkono, akatazama upande huu, akatazama ule, akachota konzi moja kutoka fungu letu akaiongeza kwenye fungu la pili. Fungu hilo akalifunga kwenye pindo la kitambaa, akanipa, akasema:

"Mpelekee. Na umwambie kwa sauti yako mwenyewe."