Nilidhani kebo ya ofisini Arua inafika Ulaya

Wakuu, habari za humu. Haya yalinipata mwenyewe, sijaongeza chumvi. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mtanirekebisha.

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa stoo kwenye ofisi moja ya misaada, Arua, Uganda. Tulikuwa na kompyuta tatu, stoo, kwa sekretari na kwa bosi, zimeunganishwa kwa kebo. Fundi alituambia, "Sasa ziko kwa network, zinaongea."

Kweli. Nikiandika stoo, Grace, sekretari wetu, anasoma chumba cha pili. Kwangu ilikuwa maajabu.

Akaja Mama Halima kutoka Koboko. Baba yake alikuwa mahututi, anamwita mwanawe Rajabu, ndugu yake Mama Halima, aliyekuwa Ulaya. Alishika karatasi yenye email ya Rajabu.

Ningempeleka kwa Grace, ndiye aliyeshughulikia email. Lakini nilitaka na mimi nionekane najua. Nikaandika, nikabonyeza, kompyuta ikasema imetuma.

"Barua nafika?" Mama Halima akauliza.

"Imefika, mama."

Siku sita kimya. Nikamuuliza Grace.

"We karani! Kebo inaishia kwa ukuta wa bosi, wewe unatuma Ulaya?" Akacheka. Akaona uso wangu, akaacha.

Barua ilikuwa imelala kwenye kompyuta ya bosi, hatua kumi kutoka stoo.

Ndipo nikaelewa. Network ni kompyuta zinazoongea zenyewe kwa zenyewe, hata ndani ya nyumba moja. Internet ni network nyingi za dunia zilizoshikana, na yetu haikushikana na yoyote. Email za nje Grace alizipitisha kwa modem, kifaa kinachotumia laini ya simu, mpaka Kampala.

Fundi hakudanganya. Alisema zinaongea. Mimi sikuuliza na nani.

Grace akaituma siku ileile. Ningeweza kunyamaza. Nikapanda lori mpaka Koboko, njia nzima napanga maneno na kuyapangua.

Mama Halima alinisikiliza mlangoni.

"Sema polepole, mzee iko nasikia." Kisha akasema, "Kila asubuhi mimi naambia yeye, Rajabu nasoma barua, iko njiani. Sasa mimi naambia yeye nini?"



Rajabu alifika siku mbili baada ya mazishi. Labda hata angepata mapema asingewahi. Kuna viza, kuna ndege. Lakini siku sita zile ni zangu.

Funzo langu: mashine ikisema imetuma, usimwambie mtu imefika.

Mke wangu anasema kule Koboko nilijitua mzigo nikamtwika yule mama. Mpaka leo sijui. Nyie mngeenda kumwambia, au mngenyamaza? Semeni, hata kama ni kunisema.