Ujumbe Uliofutwa Kashebere

Nilitoka Kisangani na begi la nyaya na koleo. Nilifuata barabara ya Lubutu juu ya lori mpaka lori likashindwa na matope, nikaendelea kwa baiskeli za watu, mwishowe kwa miguu. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimezoea kuhama tu, na wakati wa vita anayejua kutengeneza mashini hakosi sahani ya maharagwe. Nilipofika Kashebere, mfanyabiashara mmoja aliyetoka Butembo, mwenye duka la chumvi na mabati, alinilaza kati ya magunia yake. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba Masisi kuna ofisi ya misaada inayotafuta mtu wa kompyuta. Nilidhani nitakaa mwezi. Nilikaa miaka.

Ofisi ilikuwa na antena ya setilaiti uani, na chini ya meza yangu seva iliyohifadhi barua pepe zote. Watu waliopotezana na jamaa zao katika kukimbia waliandikiana kupitia anuani yetu. Tulikuwa na desturi moja: ujumbe wa mtu haufunguliwi kabla mwenyewe hajafika na kukaa. Uwe wa kifo au wa uhai, ni wake kuusikia wa kwanza. Sisi tulisoma kichwa cha habari tu, tukamwita.

Kashebere haikuwa na antena. Kila siku ya soko nilinakili barua zote kwenye flashi, motari, mwendesha pikipiki wa kukodi, akaipeleka kwa yule mwenye duka, naye akawaita watu wa upande wake.

Asubuhi moja ya soko ukaingia ujumbe: "Kwa Papa wa Kibabi, habari ya bibi yake." Papa huyo, baba mmoja wa kijiji cha Kibabi, alikuwa mkulima wa maharagwe. Kijiji chao kilipokimbia, yeye alishika njia moja, mke wake, huyo bibi, nyingine. Nikatuma aitwe. Motari aliondoka na flashi yenye barua zote za asubuhi hiyo, kama kawaida. Kisha mvua ikashuka, radi ikapiga antena, na chini ya meza pakatoka harufu ya plastiki iliyoungua.

Papa alifika amelowa, akakaa. Nilikuwa nimeifungua seva. Diski yake ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena, hakuna kilichosomeka. Aliyeandika hatukumjua, na anuani yake ilipotelea humo humo. Nilimweleza yote.

"Kama iko muzima ao alikufa, hata hiyo haujue?"

"Sijue, Papa."

"Basi ile desturi yenu njo imeniua."

Hapo nikakumbuka flashi. Nilikimbilia foni, redio yetu ya masafa marefu. Kila mtu aliisikiliza, hata wenye silaha wa pande zote, kwa hiyo hatukutaja jina la mtu wala la mahali. Nilimwomba mwenye duka, ambaye naye alikuwa na foni yake, asifute kitu. Alisema ameshafuta zisizo za watu wake, anataka nafasi ya kuweka nyimbo za kwaya.

"Usiweke kitu kipya," nilimwambia. "Toa flashi, uifunge kwenye karatasi."

"Sawa, kaka. Mungu atangoja nyimbo zake."

Kilichofutwa hakiondoki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Hilo tu ndilo tulilobaki nalo.

Kesho yake Papa alipanda nyuma yangu kwenye pikipiki. Kwenye barieri ya Nyabiondo, kizuizi cha barabarani, mwenye bunduki alimwaga begi langu chini, akainua waya, akauliza tunakwenda kulipua daraja gani.

"Huyu iko fundi," Papa alisema. "Ananitafutia bibi."

"Na waya?" mwenye bunduki aliuliza, wenzake wakacheka. "Fundi, basi unitafutie na mimi. Wangu alikimbia na dereva."

Walituachia. Mbele kidogo milio ya risasi ilianza kilimani; tukazima pikipiki, tukaisukuma kwenye majani marefu.

Mwenye duka alikuwa ameweka kiti tayari. Umeme ulitoka kwenye betri ya lori lake, na taa ya kompyuta yake ilikuwa inafifia. Programu yangu ilirudisha barua moja moja, nyingine nusu, nyingine alama tupu. Papa alikaa mikono magotini. Alipoona nimeacha kubonyeza, alifumba macho.

Nikasoma. Mke wake alikuwa Kirolirwe, mzima, akilima kwa wafugaji. Maharagwe yakishavunwa angeondoka na wenzake kwenda Uganda.

"Huko yameshakauka, wanavuna," Papa alisema, akasimama. Hata chai ya mwenye duka hakunywa. Alitafuta motari mwingine, akaondoka.

Baada ya hapo, kimya. Tulipata seva nyingine. Kila asubuhi niliifungua nikimtafuta humo. Halafu mapigano yakashuka mpaka mjini, ofisi ikaamriwa kufungwa. Gari la mwisho la kwenda Sake lilikuwa linapiga honi, nami nimeshika koleo nikate waya wa antena, ukaingia ujumbe. Kichwa chake kilikuwa jina langu.

Nilivuta kiti, nikakaa, ndipo nikaufungua. Papa alikuwa amemwomba mtu amwandikie: alimkuta mke wake barabarani, mzigo tayari kichwani, wakarudi wawili.

Nikakata waya, nikatoka.