Nilivyokuwa Utingo wa Somoe

Mimi ni fundi baiskeli wa Kilwa Masoko tangu sijaota ndevu, na safari ya kumfuata mteja milimani sikuwahi kuifanya. Hii niliifanya kwa ajili ya Somoe, mshonaji wa jirani na kibanda changu. Miguu yake haina nguvu tangu utotoni, na huendesha baiskeli ya magurudumu matatu ambayo pedeli zake hupigwa kwa mikono. Waandaaji wa mbio za njia mbovu walikubali kumwandikisha kwa sharti moja: kwanza apande mlima wa kweli bila kusukumwa, mbele ya shahidi. Mlima aliuchagua mwenyewe, ule wa kuingia Kipatimu kwa shangazi yake. Shahidi alinichagua mimi, na kichwa kikanivimba wiki nzima.

Asubuhi ya kuondoka tulipakia baiskeli mbili kwenye pikapu, yake na yangu. Nangurukuru tulikunywa chai kwa mihogo ya kuchemsha. Kupita Miteja mikorosho ilikuwa imetoa maua, na Somoe akafungua dirisha lote ili anuse.

Njia Nne tuliiacha lami na pikapu pamoja. Baiskeli yake nilikuwa nimeifunga tairi za kashata, zile zenye meno makubwa, na gia za kupandia. Nilidhani nitakuwa nikimsubiri njiani. Kufika saa tano ni yeye aliyekuwa akinisubiri kivulini, anamenya chungwa.

"Fundi, kumbe umo? Nilijua umesharudi Masoko."

Tabu yetu ilikuwa wema wa watu. Huku kwetu mwenye baiskeli ya mikono husukumwa. Ni adabu, wala haingoji kuombwa. Kila kijiji walitoka wanaume wawili watatu, mikono mbele, na kila mara Somoe alisema, "Ahsanteni baba zangu, leo niko kwenye mtihani." Wakishasikia mtihani, walirudi nyuma na kukimbia pembeni wakimshangilia. Mmoja aliniambia nimkazie macho asije akaiba majibu. Nilicheka sana.

Usiku tulilala kijiji cha njiani kwa Bi Fatu, mama mmoja aliyetuona tumechoka akatuita ndani. Alitupa ugali wa muhogo na kunde, kisha akamkanda Somoe mabega kwa mafuta ya nazi.

"Mwanangu, haya mabega ya mkwezi wa minazi," alisema.

"Nisifie kesho jioni, mama," Somoe akajibu, na macho yakafumba hapohapo.

Kesho yake saa mbili tulikuwa chini ya mlima. Udongo mwekundu, changarawe juu yake, kona baada ya kona. Somoe alianza taratibu. Katikati alisimama kuvuta pumzi, breki zikateleza kwenye changarawe, baiskeli ikaanza kurudi nyuma. Nikaitupa yangu, nikaidaka yake. Hapo ningepaswa kuishia. Lakini mikono yangu ikishashika kitu haijui kuachia, nikasukuma mpaka kona ya juu huku nikijiona mwanaume kwelikweli.

"Fundi, toa mikono."

Nikatoa. Akageuza baiskeli.

"Unakwenda wapi?"

"Chini. Naanza upya."

"Somoe, hakuna aliyeona! Nitawaambia hujasukumwa."

"Halafu mimi nitajiambia nini?"

Akateremka. Nilimfuata nikikokota baiskeli, nimejaa aibu, maana sharti lenyewe lilikuwa moja tu na aliyelivunja ni shahidi.

Tulipofika chini, lori tupu la machungwa lilikuwa linaanza kupanda. Nyuma yake alitembea utingo wake, mtu mzima mwenye mvi, kashika gogo. Lori likisimama kupumua, yeye huliweka gogo nyuma ya tairi. Likiondoka, huliokota na kulifuata. Somoe alitazama mpaka kona ya kwanza.

"Fundi, yule analisukuma lori?"

"Lori linasukumika lile?"

"Basi kafanye kazi kama yake."

Nikailaza baiskeli yangu kichakani, nikatafuta gogo, nikamwinamia nyuma. Tangu hapo alikuwa akisema "weka" naweka, akisema "toa" natoa. Pedeli ishirini, weka. Kumi, weka. Karibu na kilele zikawa tatu tatu, na jasho lake likidondoka kwenye mnyororo. Viganja viliniwasha kwa hamu ya kusukuma, nikavibana kwenye gogo. Wanawake wenye matenga ya machungwa walishusha mizigo yao wakatembea naye, na alipoifikia tambarare walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia.

Shangazi yake, Bi Asha, alikuwa mlangoni. Zamani Somoe aliletwa hapo kwa mgongo wa baba yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kakuleta nani?"

"Nimekuja."

Bi Asha akakaa chini palepale kizingitini, analia na kucheka. Na mimi nililia, sifichi. Kisha nikampigia mwandaaji, nikamweleza yote, na kosa langu nikalitaja. Akacheka kwenye simu. "Basi huyo kapanda mara moja na nusu," alisema. "Jina lake naliandika."

Siku ya kurudi tuliteremka kwa uangalifu, breki nimezikaza upya, na Njia Nne tukaikuta pikapu. Kupandisha baiskeli na mwenyewe kwenye gari ni kazi ya watu watatu, na wanaume wawili wa hapo walishakuja kusaidia. Zamani ningeshamnyanyua kabla hajafungua kinywa. Safari hii nilisimama kando, mikono mfukoni, kwa sababu nilijifunza kwamba kumsaidia mtu kunaanza na yeye kusema wapi ushike.

Somoe akawapanga wale wawili, mmoja kiti, mmoja gurudumu la mbele. Kisha akanigeukia.

"Fundi, mbona umesimama kama mgeni? Njoo, mimi unishike huku."

Nilikwenda mbio.