Meno ya Mama na Kikombe cha Bluu

Meno ya juu ya Mama yalikuwa ya plastiki, meupe pe, na hakuna aliyewahi kumwona bila hayo, hata Baba mpaka anazikwa. Maji ya visima vya kwetu hutia meno rangi ya kahawia. Mama aliyang'oa yake yote ya juu akiwa kijana, akaapa hataaibika tena.

Mwanzoni mwa 2008 alikuja kukaa kwangu Nakuru, mdomo umejaa utando mweupe, gauni linamning'inia. Zahanati walisema ni fangasi, wakampa dawa ya matone. Utando ukaisha. Baada ya wiki mbili ukarudi. Akapewa dawa tena, ukarudi tena. Miaka ile kila mtu alijua mdomo mweupe na kukonda vinamaanisha nini, na majirani walishaanza kuniuliza hali ya Mama kwa sauti ya chini. Alipimwa, akaambiwa hana virusi. Sikuamini. Nilimtengea kikombe, cha bluu, nikawa nakiweka peke yake juu ya friji. Nilijua vizuri kwamba ugonjwa ule hauambukizwi na kikombe. Woga hauna masikio.

Aliposhindwa kumeza hata uji, nilimpeleka kwa daktari wa meno, Mhindi mzee mwenye kliniki karibu na Bondeni.

"Mathe, hii meno unatoanga ukilala?"

"Natoanga," Mama akajibu upesi mno.

"Toa nione."

Mama akanitazama. Ningeweza kutoka nje nikamsitiri, lakini hasira ilinipanda. "Mama, si utoe!" Akajifunika mdomo kwa leso, akayatoa.

Daktari alikwaruza plastiki kwa kichuma chembamba, akatuonyesha uteute. Dawa, alisema, inaua fangasi iliyo kwenye mate. Ile iliyong'ang'ania plastiki imejifunika kwa uteute wake yenyewe, dawa haiiwezi. Dawa ikiisha, inarudi mdomoni. "Mmetibu mtu, hamjatibu meno." Ayasugue kila siku, na usiku yalowe kwenye maji ya dawa.

Nyumbani alikaa mezani bila meno, midomo imebonyea, mzee kuliko nilivyowahi kumwona. Nilimletea bakuli la kuyalowekea.

"Hiyo ni ya watu, rudisha," alisema. "Niletee kikombe yangu, ile unawekanga juu ya friji."