Mafuta Mekundu ya Shemeji Hashim

Shemeji yangu Hashim Mwidani ana miaka hamsini na miwili, tumbo la mtu wa sitini, na hajawahi kukosea. Hili la tatu si langu, ni lake mwenyewe, na hulisema kila siku. Kazi yake ni kuhesabu makontena bandarini, lakini ukimkuta barazani Likoni utadhani ndiye aliyewafundisha Wajapani kuunda magari. Mkewe, Mwanasaumu, ni dada yangu mkubwa, kwa hiyo nina ruhusa ya kumtania. Siku hizi naitumia bila huruma.

Gari lake lilishuka melini miaka mitatu iliyopita, la viti saba, jeupe la kumeremeta. Huliosha asubuhi na jioni, na mtaani kwetu maji ya mfereji hutoka siku mbili kwa wiki. Watoto waoge wasioge, gari litaoga. Kuingia ndani ni mpaka ukung'ute viatu, na hata ukishakung'uta atakutazama miguuni.

Chini ya weupe huo mlikuwa na giaboksi asiyoijua hata kidogo. Gari lile halina gia za kupanda moja, mbili, tatu. Ni aina ya CVT: mkanda wa chuma unazunguka kati ya puli mbili, na mkanda huo unahitaji mafuta yake maalumu ili ushike bila kuteleza. Fundi Changawa wa Magongo, ambaye hufungua giaboksi za namna hiyo kila wiki, alimweleza Hashim haya yote taratibu, akarudia mara mbili. Hashim alimsikiliza huku akitabasamu, kama mtu anayemwachia mtoto amalize kusema.

"Mafuta ya giaboksi ni mekundu," akasema. "Tangu gari la marehemu baba. Mekundu."

Akaenda dukani akanunua mekundu, akamwaga yale ya zamani uani kwake, akayatia mapya kwa mkono wake mwenyewe. Wiki nzima hatukulala kwa sifa.

Mwanasaumu ndiye aliyechukua kile kitabu cha gari cha Kijapani, akakielekezea simu, maandishi yakageuka Kiswahili cha kombokombo lakini cha kueleweka. Akamsomea mumewe.

"Baba Nadira, hapa yasema usitie mafuta mengine ila haya."

"Hicho kitabu cha Wajapani. Kwao kuna theluji."

"Mimi sikaangi mahamri kwa mafuta ya taa kwa kuwa nayo yaitwa mafuta."

Hashim alicheka mpaka akakohoa. Jioni yake akayapeleka maneno hayo barazani, ili wanaume wenzake waone jinsi wanawake wasivyojua magari. Walicheka kweli. Hakutambua wanamcheka nani.

Mwezi uliofuata gari likaanza kuvuta kwa kusitasita, na Hashim akasema ni petroli mbaya. Nikamburuta hadi Magongo. Changawa akachomeka kidude chake chini ya usukani, akakisoma, akanionyesha mimi badala ya mwenye gari. Mafuta ya giaboksi yalikuwa nyuzi mia na kumi na nane.

"Yafaa yawe themanini, tisini hivi," akasema Changawa. "Yakipita mia na kumi yaanza kuchoka. Ukiyafikisha mia na ishirini na kuendelea, yaungua, na yakishaungua hata yakipoa hayafai tena. Haya uliyotia si yake, mkanda wateleza, na kuteleza kwenyewe ni joto. Tena kwenye foleni ya feri wafanyaje, mzee? Waweka N, gia huru?"

"N ya nini? Nakanyaga breki, gia iko D, ya kwenda. Nikiweka N, mpaka niirudishe mtu ashanichomekea."

"Saa nzima?"

"Hata mbili."

Changawa akamwambia amwage mafuta yale siku hiyo hiyo, asipakie mzigo mzito, na kwenye foleni asiache gari likisukumana na breki. Hashim akajibu kuwa Mombasa nzima ina joto, hata yeye ana joto, na hajafa. Tukarudi Likoni na mafuta mekundu yale yale.

Sasa nieleze kuhusu dada yangu, maana gari peke yake lingekufa nisingelililia. Mwanasaumu amepika biriani za watu miaka kumi na mmoja. Amepika nyuma ya majina ya wenye mabiashara, sifa zikaenda kwao, yeye akabaki na moshi machoni. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, Bi Jalila alimpa walima wa harusi ya mwanawe, watu mia mbili, chakula cha mchana, ukumbini Ganjoni, kwa jina la Mwanasaumu mwenyewe. Bi Jalila ni mtu mwenye ulimi. Chakula kikichelewa, habari ingefika Kisauni kabla ya jua kutua, na dada yangu angerudi kupika nyuma ya watu mpaka azeeke. Alijua hivyo. Usiku wa kuamkia siku ile hakupata hata lepe la usingizi.

Asubuhi tulipakia masufuria sita makubwa, ya wali na ya masala, mpaka gari likakaa chini nyuma. Nikamwambia Hashim tupite barabara ya Dongo Kundu, inayozunguka bila kuvuka feri. Ni mbali zaidi, lakini gari litakwenda mwendo mmoja na upepo utaipoza giaboksi.

"Dongo Kundu nani yuko?" akaniuliza.

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikaona alivyovaa kanzu iliyopigwa pasi na miwani nyeusi, nikaelewa. Feri ina watu. Gari jeupe hupitia penye watu.

Tukakaa kwenye foleni dakika sabini. Kipoza hewa kimefunguliwa hadi mwisho, gia iko D, mguu juu ya breki, masufuria yanafuka nyuma yetu. Taa ya manjano ikawaka mbele yake. Nikamwonyesha. Akasema hiyo ni ya joto la nje. Mwanasaumu alikuwa akitazama saa, na midomo yake ilikuwa ikisoma dua.

Tukaingia ferini, tukavuka. Maji yalikuwa yamekupwa, na maji yakipwa njia ya kutokea feri huwa na mwinuko mkali. Lori la mbele likapanda. Hashim akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, gari likapanda hatua tatu, likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma huku injini ikizidi kupiga kelele. Mfanyakazi wa feri akawahi kutia gogo chini ya gurudumu. Harufu ya kuungua ikaishinda harufu ya biriani. Nyuma yetu honi zikaanza, na watu wale aliotaka wamwone wakamwona vizuri kabisa.

"Dakika kumi tu," Hashim akasema. "Lipoe kidogo, litapanda."

"Na biriani pia yapoa," akasema Mwanasaumu, akafungua mlango.

Kando yetu palikuwa na mtu wa mkokoteni anayeitwa Kahindi, mkokoteni mtupu, akienda kuchukua nazi. Mwanasaumu akamwita.

"Kaka, niokoe. Nina masufuria sita ya kufika Ganjoni kabla ya adhuhuri kwisha."

Kahindi hakuuliza mengi. Akatandika magunia, tukabeba sufuria moja moja kutoka kwenye gari jeupe, yeye akashika mikono ya mbele, mimi nikasukuma nyuma, na dada yangu akatembea pembeni na mkono wake juu ya kifuniko. Tulitoka jasho mpaka kwenye kope. Tulifika watu wakinawa mikono.

Nitasema wazi, nilipowaona watu mia mbili wameinamia sinia bila kuongea, machozi yalinitoka.

Hashim alifika alasiri kwa miguu, kanzu ina grisi kifuani. Gari limevutwa hadi kwa Changawa, na mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi, yana unga wa chuma ndani. Sikumcheka. Nilimhurumia kama dakika mbili.

Bi Jalila alikuwa amesimama na dada yangu mlangoni.

"Mkono wako nimeukubali," akamwambia. "Jumapili ijayo dada yangu ana walima wake Majengo, watu mia tatu. Yeye ni mtu wa wakati, hapendi kungojeshwa. Usafiri unao?"

Hashim akakohoa kidogo, akanyoosha kanzu, akasogea mbele kujibu.

Mwanasaumu hakumtazama. Aligeukia pembeni, alipokuwa Kahindi, aliyebaki ili arudishe masufuria, akila, akamwuliza kwa adabu kama Jumapili atakuwa na nafasi.